Seva Inapozimika Ikikagua Cheti: Hurekebishwa Vipi, na Mwananchi Afanye Nini

Mkulima wa viazi wa Mau Narok anapofungua eCitizen kwa simu, au mwenye duka anapolipia leseni ya biashara mtandaoni, kuna ukaguzi unaofanyika kabla ya ukurasa kutokea. Simu hupokea cheti cha kidijitali kutoka kwa seva, yaani kompyuta inayotoa huduma hiyo, na kukihakiki. Mtandao ukiwa mzuri, kazi hiyo huisha kabla ya mtumiaji kutambua kwamba imeanza.

Seva nazo hukaguana. Mfumo wa malipo unapowasiliana na mfumo wa benki, au wa simu za mkononi, kila upande unaweza kudai cheti cha mwenzake kabla ya kupokea shilingi moja. Kwa hiyo hata mwananchi asiye na simu ya intaneti, anayelipa kwa karani au kupitia M-Pesa, hutegemea ukaguzi huu bila kuuona.

Mara chache programu inayofanya ukaguzi huo ndiyo huvunjika. Cheti kibovu kinaletwa, programu inajaribu kukisoma, na badala ya kukikataa inazimika au inaganda. Wote wanaohudumiwa na seva hiyo hukwama pamoja. Mwaka 2022 kasoro tatu za aina hii zilipatikana katika programu inayotumiwa na seva nyingi mno duniani. Namna zilivyorekebishwa ina funzo kwa mafundi na kwa wananchi: ukaguzi ukivunjika hutengenezwa, hauondolewi.

Cheti ni kama lebo ya mbegu

Wakulima wa Mau Narok wanajua tofauti kati ya mbegu ya viazi iliyoidhinishwa na ile ya kuokota sokoni. Gunia la mbegu iliyoidhinishwa hubeba lebo ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Mkulima hajui kila kilichofanyika shambani mbegu ilikotoka, lakini anaiamini lebo kwa sababu anaamini shirika lililoitoa.

Cheti cha kidijitali hufanya kazi hiyo hiyo. Kina jina la tovuti, tarehe ya kuanza na ya kuisha, ufunguo wa kufungia mawasiliano, na saini ya aliyekitoa. Mtoaji huitwa mamlaka ya vyeti. Simu na kompyuta huja na orodha ya mamlaka zinazoaminika, na cheti cha tovuti lazima kiweze kufuatiliwa, saini moja baada ya nyingine, hadi kwa mojawapo ya mamlaka hizo.

Kwa hiyo kukagua cheti ni kazi ya hatua kadhaa. Kwanza programu hukisoma. Kisha huangalia tarehe, hulinganisha jina la cheti na jina la tovuti iliyoombwa, na kuhakiki saini zote hadi juu. Hatua yoyote ikishindikana, cheti hukataliwa na mawasiliano hukatwa. Hiyo si hitilafu. Mlinzi amefanya kazi yake.

Ifahamike pia kwamba cheti halali huthibitisha jambo moja tu: kwamba simu inazungumza na tovuti yenye jina hilo, na kwamba hakuna mtu katikati anayesikiliza. Hakithibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli anaweza kusajili jina linalofanana na la ofisi ya umma na kulipatia cheti halali. Kulisoma jina la tovuti kunabaki kuwa kazi ya mwananchi.

Matatizo matatu yanayofanana

Mwananchi aliyeshika simu huona jambo moja tu: huduma haifunguki. Nyuma yake kuna angalau matatizo matatu tofauti.

La kwanza ni cheti kukataliwa. Huenda kimeisha muda. Vyeti vya Let's Encrypt, mojawapo ya mamlaka zinazotumiwa sana duniani, vimekuwa vikitolewa kwa siku 90, na fundi asipoweka utaratibu wa kuvifanya upya, tovuti hukataliwa siku vinapoisha. Mnamo tarehe 30 Septemba 2021, cheti cha zamani cha mzizi kilichokuwa kikitegemewa na mamlaka hiyo kiliisha muda, na vifaa vingi vyenye programu za zamani vikaanza kukataa tovuti zilizokuwa sawa kabisa. Vilevile simu ambayo saa na tarehe yake imerudi nyuma baada ya betri kuisha inaweza kukataa cheti halali, kwa kudhani kwamba siku ya kuanza kutumika haijafika.

La pili ni seva kufurikiwa. Mwishoni mwa Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa kwa maombi mengi mno yaliyotumwa kwa wakati mmoja. Wakenya walitatizika kununua tokeni za umeme na tiketi za treni. Shambulio la aina hiyo huhitaji wingi: maelfu kwa maelfu ya maombi ili kuziba mlango.

La tatu ndilo linalohusika hapa: programu ya ukaguzi yenyewe kuwa na kasoro. Shambulio la namna hii halihitaji wingi. Cheti kimoja kilichotengenezwa kwa hila kinaweza kutosha kuangusha kazi iliyokuwa ikiendelea vizuri, na hata pasipo adui, cheti kilichokosewa na fundi fulani kinaweza kuleta madhara.

OpenSSL ni nini

Watengenezaji wengi wa seva hawaandiki wenyewe programu ya kukagua vyeti. Hutumia iliyokwisha kuandikwa, na mojawapo ya zinazotumika zaidi ni OpenSSL. Ni mkusanyiko wa programu usiolipiwa, na msimbo wake unaweza kusomwa na yeyote. Umo ndani ya seva za tovuti, za barua pepe, za malipo, na katika vifaa vingi vya mtandao.

Faida yake ni kwamba kazi ngumu hufanywa mara moja na wataalamu, kisha wote hunufaika. Hasara yake ni kwamba kosa moja huwafikia wote. Ulimwengu ulijifunza hilo Aprili 2014, kasoro iliyopewa jina la Heartbleed ilipotangazwa: mtu wa mbali aliweza kuchota siri kutoka katika kumbukumbu ya seva. Tangu wakati huo OpenSSL ilipata fedha na watu zaidi wa kuikagua. Kasoro hazikuisha, lakini sasa hutangazwa kwa utaratibu, zikiwa na namba ya kuzitambua na marekebisho yaliyo tayari.

Kasoro ya Machi 2022: hesabu isiyoisha

Tarehe 15 Machi 2022, OpenSSL ilitangaza kasoro yenye namba CVE-2022-0778. Iliyeigundua ni Tavis Ormandy, mtafiti wa usalama wa Google. Iliyapata matoleo ya 1.0.2, 1.1.1 na 3.0.

Baadhi ya vyeti huandika ufunguo wake kwa kifupi ili kuokoa nafasi: nusu ya taarifa huandikwa, na nusu nyingine huachiwa programu iitafute kwa hesabu ya kipeuo cha pili. Hesabu hiyo hufanywa ndani ya mfumo wa namba unaotakiwa kujengwa juu ya namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe. Aliyeandika programu alitegemea kwamba namba itakayoletwa ni tasa kweli. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kuandika cheti chenye namba isiyo tasa.

Hapo ndipo kosa lilipojitokeza. Programu ilikuwa ikihesabu hatua zake, na ilitakiwa kusimama hesabu itakapokuwa sawa na kikomo. Lakini iliongeza moja kwanza, ndipo ikalinganisha. Mfano wake ni kibarua aliyeambiwa afunge mlango wa ghala hesabu ya magunia ikiwa 1 kamili, naye ameanza na 1 na huongeza moja kabla ya kutazama. Anafika 2 na kuona si 1. Anafika 3, si 1. Ataendelea hivyo bila kikomo na mlango hautafungwa.

Seva iliyopokea cheti kama hicho haikuzimika kwa kishindo. Iliganda. Kichakato chake kilifanya kazi kwa nguvu zote bila kutoa jibu, na vyeti vichache zaidi vya aina hiyo vingeweza kumaliza nguvu zote za kompyuta.

Jambo lililoongeza uzito wa kasoro hii ni mpangilio wa hatua. Kusoma cheti hutangulia kuhakiki saini, kwa hiyo mshambulizi hakuhitaji saini ya mamlaka yoyote. Ni kama lebo ya mbegu iliyoandikwa kwa namna ya kumkwamisha mkaguzi akiwa bado anaisoma, kabla hajafikia kuuliza kama ni ya KEPHIS kweli. Programu yoyote iliyopokea cheti kutoka nje ilikuwa hatarini: seva zinazodai vyeti vya wateja, programu zinazopokea vyeti vya seva, hata mamlaka za vyeti zenyewe.

Marekebisho yalikuwa mafupi. Badala ya kungoja hesabu iwe sawa na kikomo, programu sasa huendelea tu iwapo hesabu iko chini ya kikomo. Ikifika au ikipita, kosa hutangazwa, kazi husimama na cheti hukataliwa. Yalitolewa katika matoleo ya 1.1.1n na 3.0.2, na wateja waliolipia huduma ya toleo la 1.0.2 walipewa lao.

Kasoro ya Novemba 2022: abiria wa 15

Miezi saba baadaye lilikuja jingine. Tarehe 25 Oktoba 2022, OpenSSL iliwatahadharisha mafundi duniani kwamba marekebisho ya kasoro nzito yangetolewa wiki iliyofuata. Toleo la 3.0.7 lilitoka tarehe 1 Novemba 2022 likiwa na tiba ya kasoro mbili zinazohusiana, CVE-2022-3602 na CVE-2022-3786. Safari hii matoleo yaliyoathirika yalikuwa 3.0.0 hadi 3.0.6 pekee.

Kasoro hizi zilihusu anwani za barua pepe zilizoandikwa ndani ya vyeti. Majina ya mtandaoni yanaweza kuwa na herufi zisizo za Kilatini, kama za Kiarabu au Kichina. Majina hayo huwekwa kwa mfumo uitwao Punycode, unaoyageuza yawe herufi za kawaida zenye alama ya xn-- mwanzoni. Programu ya OpenSSL iliyageuza tena majina hayo wakati wa ukaguzi na kuyaweka katika nafasi iliyotengwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta.

Kosa la kwanza lilikuwa la nafasi moja. Kila mara kabla ya kuweka herufi mpya, programu iliuliza kama zilizokwisha kuwekwa zimezidi nafasi zilizopo. Utingo wa matatu ya abiria 14 akijiuliza vivyo hivyo atakosea. Wakishakaa 14 atauliza, “Je, wamezidi 14?” Jibu ni hapana, kwa hiyo atampakia wa 15. Swali sahihi ni kama wamefika 14.

Katika kumbukumbu ya kompyuta, abiria huyo wa 15 hana kiti. Hukaa juu ya taarifa nyingine iliyokuwa jirani. Katika kasoro hii zilikuwa baiti 4 tu, lakini mshambulizi ndiye aliyezichagua. Katika kasoro ya pili, nukta nyingi zingeweza kumwagika nje ya nafasi. Mifumo mingi ya kisasa hutambua kumbukumbu inapovurugwa namna hiyo na kuizima programu papo hapo, kuliko kuiacha iendeshwe na mgeni. Kwa sababu hiyo, kasoro iliyotangazwa awali kuwa ya daraja la juu kabisa ilishushwa daraja moja siku ya kutolewa marekebisho. Hata hivyo, kwa mwananchi anayengoja huduma, seva iliyojizima ili kujilinda bado imezimika.

Kulikuwa na afueni nyingine. Tofauti na ile ya Machi, kasoro hizi zilifikiwa baada ya saini kuhakikiwa. Ili kuitumia, mshambulizi alihitaji mamlaka ya vyeti itie saini cheti kibovu, au akutane na programu inayoendelea kukagua hata baada ya kushindwa kumtambua mtoaji wa cheti. Kiini cha tiba ya kasoro ya kwanza kilikuwa alama moja katika msimbo: “imezidi” ikageuzwa kuwa “imefika au imezidi”.

Jinsi mafundi wanavyorekebisha

Kasoro ikishatangazwa, kazi ya kuziba pengo huhamia kwa maafisa wa TEHAMA wa kila ofisi, benki, hospitali na chuo. Hatua zake zinafanana popote pale.

Kwanza, kuthibitisha tatizo. Seva nyingi zimewekewa mlinzi anayeiwasha upya programu iliyozimika. Hilo ni jema, lakini huweza kuficha ugonjwa: programu huanguka na kuinuka kila baada ya muda mfupi, na watumiaji husema tu kwamba mtandao uko chini leo. Fundi huangalia rekodi za seva kujua programu ilizimika saa ngapi, ilikuwa ikifanya nini, na kama kichakato kilikuwa kimejaa kazi. Ikiwa kila kuzimika kunafuata kupokelewa kwa cheti, njia imepatikana.

Pili, kujua ni toleo lipi linalotumika. Hapa wengi hukosea. Amri ya “openssl version” huonyesha toleo la mfumo wenyewe, lakini baadhi ya programu hubeba OpenSSL yake ndani. Node.js 18 ni mfano: ilikuja na OpenSSL 3, na mwaka 2022 ilihitaji kusasishwa peke yake hata pale mfumo wa kompyuta ulipokuwa salama. Kwa upande mwingine, namba ya toleo inaweza kutisha bila sababu. Ubuntu 22.04 ilitumia toleo la 3.0.2, na marekebisho ya Novemba yaliingizwa humo humo bila namba hiyo kuu kubadilika. Fundi anapaswa kusoma tangazo la msambazaji wa mfumo wake, asitegemee namba peke yake.

Tatu, kusasisha kutoka chanzo rasmi, kisha kuwasha upya huduma zote zinazotumia programu hiyo. Huduma inayoendelea kufanya kazi imeishika nakala ya zamani katika kumbukumbu. Faili mpya inaweza kuwepo kwenye diski huku kasoro ikiendelea kutumika kwa wiki nzima.

Nne, kupima kwenye seva ya majaribio, si ile inayohudumia watu. Hupelekewa cheti kizuri, kilichoisha muda, cha mtoaji asiyejulikana, na kilichoharibiwa kwa makusudi. Matokeo yanayotakiwa ni kwamba cheti kizuri kinapita, vingine vinakataliwa kimoja kimoja, na seva inaendelea kuwahudumia wengine kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tano, kutobaki na matoleo yaliyoachwa. Toleo la 1.1.1 la OpenSSL liliacha kupata marekebisho ya umma tarehe 11 Septemba 2023. Seva iliyobaki hapo bila mkataba wa msambazaji anayeendelea kuirekebisha itakosa tiba ya kasoro yoyote mpya.

Njia ya mkato iliyo mbaya kuliko ugonjwa

Huduma inapokwama na foleni inarefuka, kuna kishawishi cha kuzima ukaguzi wa vyeti kabisa. Ni mstari mmoja wa mipangilio. Seva huinuka, malalamiko hunyamaza, na kazi huonekana imekwisha.

Kilichotokea kweli ni kwamba mlinzi ameondolewa getini kwa sababu aliugua. Seva ya malipo isiyokagua cheti cha benki inaweza kuzungumza na kompyuta ya tapeli ikidhani ni benki, kisha ikapokea taarifa ya uongo kwamba fulani amelipa. Hakuna kengele itakayolia. Tatizo lililoonekana na kila mtu limebadilishwa na lisiloonekana na yeyote.

Katika tahadhari yake ya Novemba 2022, OpenSSL ilitaja njia ya muda kwa seva zilizokuwa hazijasasishwa: kuacha kudai vyeti vya wateja, kama seva ilikuwa ikividai, hadi marekebisho yawekwe. Hilo ni kufunga mlango mmoja mahususi kwa muda unaojulikana, na kwa mfumo wa malipo lingehitaji kinga nyingine mahali pake. Halifanani na kuiambia programu ikubali cheti chochote. Hatua ya muda inapotumika, inafaa iandikwe, iwe na tarehe ya kuisha, na awepo afisa wa kuifuatilia.

Mwananchi afanye nini

Kwa mkazi wa Mau Narok, Mauche, Nessuit au Njoro mjini, kishawishi hicho huja kwa sura nyingine. Ni ule ukurasa unaoonya kwamba mawasiliano si salama, wenye maandishi madogo ya kuendelea hata hivyo. Msimu wa kupanda, mkulima anayesubiri ujumbe wa mbolea ya ruzuku ana haraka, na haraka ndiyo silaha ya matapeli. Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo.

Onyo likitokea, angalia kwanza saa na tarehe ya simu. Zikiwa na makosa, zirekebishe na ujaribu tena.

Soma jina la tovuti herufi kwa herufi. Tovuti za serikali nchini huishia kwa .go.ke. Jina lenye maneno ya serikali lakini mwisho mwingine linahitaji kuulizwa kabla ya kuaminiwa.

Usibonyeze kuendelea pale unapotakiwa kuweka namba ya kitambulisho, neno la siri au taarifa za malipo. PIN ya M-Pesa huwekwa kwenye simu ya mwenyewe pekee, kamwe si kwenye ukurasa wa tovuti.

Huduma ikikwama baada ya kulipa, usilipe mara ya pili kwa haraka. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala, kisha uliza kama malipo yamepokelewa. Seva inaweza kuwa imezimika baada ya fedha kutoka na kabla ya stakabadhi kuandikwa.

Sasisha programu za simu. Masasisho mengi yanayoonekana kuwa ya kawaida hubeba marekebisho ya usalama kama yaliyoelezwa hapa.

Wenye saiba wanaombwa wasiweke kompyuta za wateja zipuuze maonyo ya vyeti. Mashine moja iliyowekwa hivyo huhatarisha kila anayeitumia siku hiyo.

Unaporipoti, andika saa, anwani ya tovuti na maneno yaliyoonekana kwenye skrini, au piga picha ya skrini. “Mtandao umekataa” haimsaidii fundi. “Saa nne na dakika kumi asubuhi, ukurasa ulisema cheti kimeisha muda” humwelekeza moja kwa moja. Ripoti yoyote isibebe PIN wala neno la siri.

Pa kuripoti, na wajibu wa ofisi

Tatizo la huduma ya kaunti linaweza kufikishwa kwa msimamizi wa wadi au ofisi ya kaunti ndogo, na la huduma za serikali ya kitaifa kwa Kituo cha Huduma Nakuru. Visa vya uhalifu wa mtandaoni hupokelewa pia na KE-CIRT/CC, kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Kuiangusha seva ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Sheria hiyo pia inamtaka anayeendesha mfumo wa kompyuta atoe taarifa ya shambulio ndani ya saa 24. Data za watu zikiwa zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kuwepo hatari ya kweli ya madhara kwao, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka taasisi inayozimiliki imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipofahamu.

Kasoro hizo za 2022 zilizibwa kwa mistari michache ya msimbo, na waliozitibu waliuacha mlango na mlinzi wake palepale. Seva bado huuliza cheti, bado hukisoma, na bado hukikataa kisipofaa. Ofisi inayosasisha seva zake kwa wakati, na mwananchi anayesoma onyo kabla ya kubonyeza, wanalinda shilingi ile ile.